Barua Iliyofungiwa Chumvi

Mpaka leo nikimsikia kiongozi akisema "serikali haijaleta kitu" damu inanichemka. Na mimi nilikuwa mmoja wa walioinua mikono kumkubalia mmoja aliyesema hivyo. Sitalificha hilo.

Ilikuwa mwaka 1978, kijijini kwetu upande wa Kishapu. Zahanati tulikuwa tumeijenga wenyewe kwa matofali mabichi, wanawake wakibeba maji kichwani kutoka lambo. Kuta zikasimama, paa hakuna. Mvua zikaanza kuzila, kila asubuhi udongo umeshuka chini. Mwenyekiti wetu, Mabula, akaitisha mkutano akasema serikali haijatoa hata msumari, kwa hiyo kila kaya itoe ng'ombe mmoja yakanunuliwe mabati. Tukainua mikono. Nani angebisha, na mgambo wamesimama nyuma yetu?

Paskalina hakuinua. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mkavu wa mwili, mkali wa ulimi, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowakuza wajukuu zake watatu. Mabula akamwambia ana wiki moja, akikaidi mgambo watamfuata mnyama zizini.

Jambo moja Mabula alilisahau. Paskalina alikuwa amesoma darasa la watu wazima mpaka akahitimu, huku sisi wanaume tukitoroka darasani kwenda pombeni na kumcheka kwamba anataka ukarani uzeeni.

Siku ya tano akaenda kununua chumvi kwenye duka la kijiji, ambalo ufunguo wake aliutunza Mabula mwenyewe. Wakamfungia chumvi kwenye karatasi, kama ilivyokuwa kawaida. Nyumbani akaimimina chunguni, akaikunjua karatasi, akasoma. Ilikuwa barua ya wilaya yenye mhuri. Ilisema kijiji chetu kimepewa mabati themanini ya zahanati, yamekwisha kupokelewa na mwenyekiti, na wananchi wasitozwe kitu zaidi ya matofali na nguvu zao. Mwisho iliagiza ibandikwe mahali pa wazi kila mtu aione. Ilikuwa na miezi minne. Miezi minne, na Mabula akaona inafaa kufungia chumvi! Ndivyo alivyotuona sisi, ng'ombe wa kukamuliwa, na ng'ombe hasomi.

Paskalina hakwenda ofisini. Alingoja. Siku ya saba mgambo Onesmo alipofika na kamba, yule mama akatoka uani akapiga mwano.

Kwetu Usukumani mwano ni yowe la wizi. Ukiusikia unaacha jembe, unakamata fimbo na upinde, unakimbia. Asiyekwenda hutozwa faini. Na anayeupiga bila kuibiwa hutozwa ng'ombe. Paskalina aliyajua hayo yote, na ng'ombe wake alikuwa ndiye huyo aliyekwisha fungwa kamba shingoni.

Tulifika wanaume zaidi ya mia. Mabula naye alifika anahema, rungu mkononi, maana hata mwenyekiti hutozwa.

"Mayu, wameelekea wapi wezi?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ngoja kwanza," Paskalina akamjibu. "Nakusomea walichoiba."

Akasoma, polepole, kidole chini ya kila neno. Alipomaliza, Mabula akacheka peke yake.

"Huo si wizi wa mwano," akasema. "Mtozeni ng'ombe wake."

Tukatazamana. Sote tulikuwa tunajua paa jipya la nyumba ya mke wake mdogo, ng'ambo ya mbuga. Mimi nilikuwa nimempongeza kwa paa hilo, mjinga mimi! Mwano ukishapigwa, watu hawarudi nyumbani mpaka nyayo zifike mwisho. Basi tukaondoka, zaidi ya watu mia, moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mke huyo mdogo.

Mabula akasimama mbele ya nyumba, mikono ameitanua. "Hii ni mali ya serikali! Asiguse mtu mpaka serikali ije."

"Kama ni ya serikali," Paskalina akasema, "mbona unalala chini yake wewe?"

Tukapanda. Misumari tuliing'oa kwa mashoka, na mabati themanini tukayabeba vichwani siku hiyohiyo. Onesmo mwenyewe alimfungua ng'ombe kamba, bila kuambiwa.

Wiki mbili baadaye akaja bwana mmoja wa wilayani. Nilidhani amekuja kumkamata Mabula. Nilijidanganya. Akakaa naye, akanywa chai yake, kisha akatuma Paskalina aitwe. Paa letu tayari lilikuwa juu ya kuta, na mama mmoja alikuwa amekwisha kujifungulia chini yake, lakini bwana yule hakuuliza lolote juu ya paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nani alikupa ruhusa ya kusoma barua ya serikali? Ile haikuwa na jina lako."

Paskalina aliitoa ile karatasi kwenye pindo la khanga, akaikunjua mezani, akaweka kidole pale juu.

"Soma hapa, baba. Imeandikwa, 'Kwa wananchi wote.' Nilitafuta jina langu nikaliona. La kwako wewe ndilo sikuliona."