Moshi wa Mchana

Kila alfajiri, kabla kile kipande cha reli hakijagongwa kuwaita watu kazini, Kasiani alitoka na mlingoti mkavu wa mkonge mkononi, ule mrefu unaobeba maua, akaizunguka nyumba ya jirani yake. Aliinua uso na kupekua upenuni, ubavu hadi ubavu, akitafuta mavu, wale nyigu wakubwa weusi wanaojenga chini ya paa. Akikuta kiota kinachoanza, kidogo kama kifungo cha shati, alikigonga kwa ncha ya mlingoti, na kikianguka alikisaga kwa kisigino. Ndipo alipochukua panga lake na kuwafuata wenzake shambani.

Anastazia, mke wa jirani, alikuwa akimsikia. Kasiani alilijua hilo, maana ufagio ndani ya nyumba ulinyamaza kila alipopita, ukaanza tena alipokwisha kupita. Mama yule hakuwahi kumwambia asante, wala hakuwahi kumwambia aache.

Ilikuwa katika shamba moja la mkonge karibu na Kimamba, miaka ile bei ya katani ilipopanda baada ya vita vya Hitla, na manamba, vibarua wa mkataba, wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Kasiani alitoka Songea. Njiani, juu ya lori, alikaa bega kwa bega na kijana wa Tukuyu aitwaye Lupakisyo, na kabla hawajaulizana majina walikuwa wamekwisha kutukanana. Mmoja Mngoni, mwingine Mnyakyusa: watani. Walipofika kambini wakajenga nyumba jirani. Lupakisyo akaoa Anastazia, Mvidunda wa Kidodi, na Kasiani akawa anakula kwao mara nyingi kuliko alivyopika kwake.

Baba yake Kasiani alikuwa mrina asali, naye kazi ile aliijua tangu utotoni. Kambi nzima ilimtegemea. Nyuki wakiingia ukutani, mavu wakijenga chooni, aliitwa yeye. Alikuwa na taratibu zake, na hakuzivunja. Kwanza alisubiri jua lizame, wadudu wote warudi na kupoa. Pili alipita nyumba kwa nyumba akimwita kila mtu kwa jina lake, wala hakuondoka mlangoni mpaka aitikiwe. Baada ya hapo ndipo alipowasha moshi, kwa makapi makavu ya mkonge yaliyotupwa nje ya kiwanda.

Jumapili moja alizivunja zote mbili.

Mavu walikuwa wamejenga kwenye paa lake mwenyewe, na juma zima Lupakisyo hakumpa nafasi ya kupumua. "Mganga hajigangi!" alimpigia kelele mbele ya watu kisimani. "Mngoni analala na mavu kama mke na mume! Harusi lini?" Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Jumapili hiyo kulikuwa na ngoma ya mganda mjini Kimamba, na Kasiani alikwisha kuvaa kaptula yake nyeupe na kuning'iniza filimbi shingoni. Akaona hawezi kwenda kuchekwa hata ngomani. Akawasha moshi jua likiwa utosini.

Alipita kwa majirani, ndiyo. Lakini mlango wa Lupakisyo aliukuta umefungwa kwa kamba, akasema mbele ya majirani, huyu amekwisha kutangulia ngomani. Hakuita. Na Lupakisyo alikuwa nyuma ya nyumba, amelala chali juu ya gunia, pombe ya jana bado kichwani.

Mavu wa mchana hawana subira. Waliutoroka moshi, wakavuka ua, wakamkuta. Kasiani alisikia ukelele, akakimbia na kujitupa juu ya mwenzake, akamfunika kwa mwili wake. Anastazia aliporudi kutoka kisimani aliwakuta hivyo, wamelaliana kama wapiganao. Jioni walimpeleka Lupakisyo hospitali ya Kilosa kwa gari moshi. Uvimbe ulishuka baada ya siku kadhaa, lakini jicho la kushoto lilibaki jeupe, kama maziwa yaliyoganda.

Mkata mkonge anaishi kwa macho yake. Kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mwenye jicho moja hajui mwiba uko karibu kiasi gani mpaka umemwingia. Lupakisyo alijaribu. Alirudi na mikono iliyotoboka, nyapara akamtoa kwenye kukata, akampeleka uwanja wa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, pamoja na akina mama na wagonjwa. Yeye aliyekuwa wa kwanza kumaliza mistari yake.

Siku Lupakisyo alipotoka hospitali Kilosa, Kasiani alimngoja mlangoni. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka shambani.

"Lupakisyo, ndugu yangu, nimekukosea. Mimi..."

"Nani ndugu yako, mla panya?" Lupakisyo alidakia kwa sauti ya kusikika na majirani. "Haya ndiyo mnayofanya huko Songea? Mtu mkimshindwa kwa mkuki mnamtumia mavu?"

"Nisikilize, tafadhali."

"Sikilizeni Mngoni anasema tafadhali! Jamani, atakuwa anaumwa! Jicho moja linanitosha wewe. Nikikutazama kwa mawili nitatapika."

Watu wakaangua kicheko. Kasiani naye akacheka, kwa kuwa mtani asiyecheka ametangaza ugomvi. Maneno aliyoyapanga akaondoka nayo.

Alijaribu tena. Alinunua jogoo mkubwa mwekundu, akampeleka kwa Lupakisyo akiwa amemshika kwa mikono miwili, kama mtu apelekaye fidia kwa wazee. Lupakisyo alimpokonya jogoo kabla hajafungua kinywa. "Nimeteka! Nimeteka mali ya Mngoni!" Akamchinja papo hapo, akawaita watu waje kula nyara. Mtani huchukua cha mtani wake, wala si deni wala si malipo. Kasiani akapewa shingo. Akaitafuna huku akicheka, na upande wa pili wa moto Anastazia alimtazama bila kutafuna chochote.

Mke yule hakuwa na utani na Wangoni. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kumkasirikia, na Kasiani alitamani amkasirikie, amtukane, hata amtupie mwiko. Anastazia alimpakulia chakula kama zamani, akamwambia karibu shemeji, basi.

Tangu hapo Kasiani hakugusa tena kiota cha mtu. Wakimwita, alisema mkono unauma. Kitu pekee alichokifanya ni kuzunguka ile nyumba alfajiri na mlingoti wake.

Lakini mlingoti ni dawa ya mavu, si dawa ya nyuki. Mavu hujenga kidogo kidogo, ukawawahi. Nyuki huhama na nyumba yao yote, watu wazima na malkia wao, wakaingia mara moja. Mkonge mzee upande wa relini uliachwa ukachanua, maua yakawaita nyuki kwa wingi, na siku moja kundi likaingia chini ya paa la Lupakisyo wakati wanaume wako kazini. Jioni Anastazia alikuja kwa Kasiani. Tangu lile jambo litokee, hakuwahi kukanyaga mlango ule.

"Hodi, shemeji. Nyuki wameingia kwangu, upande wa kitandani."

"Mwite Mwinshehe wa stoo, shemeji. Mimi niliacha."

"Mwinshehe anatumia mafuta ya taa. Ataniunguzia nyumba. Nimekuja kwako."

Kasiani alichukua panga na kapu la makapi. Alisubiri mpaka jua likazama nyuma ya milima na nyuki wa mwisho wakaingia. Akapita mlango kwa mlango. "Mwamvua!" "Nipo, nimefunga!" "Beda!" "Tumesikia!" Akafika kwa Lupakisyo, aliyekwenda kukaa nyumba ya pili na mlango umefungwa.

"Lupakisyo!"

Kimya.

"Lupakisyo!" Aliupiga mlango kwa kiganja. "Lupakisyo, itika!"

"Sipo!" sauti ilitoka ndani. "Nimekwenda ngomani!"

Majirani wote walipasuka kwa kicheko nyuma ya milango yao. Kasiani akacheka, ha ha ha, kwa nguvu, hata yule aliye ndani amsikie.

Moshi ulikuwa mzito na mpole. Anastazia alikataa kujificha. Alisimama karibu naye, amejifunika kanga mpaka puani, ameshika sufuria. Kasiani aliinua nyasi za paa taratibu, akakata masega moja moja na kumpa. Nyuki wachache walimchoma mikononi, hakuwafukuza. Kundi lilitoka likajikusanya juu ya mti wa uani, likining'inia kama ndevu. Kesho yake asubuhi wangehama wenyewe.

"Mngoni!" Lupakisyo aliita kutoka kule alikojifungia. "Usilambe asali yangu! Nakuona!"

"Utaniona kwa jicho lipi, mla ndizi?" Kasiani akajibu, akacheka tena, maana ndivyo inavyopasa.

Alipogeuka kuchukua kapu lake, Anastazia alikuwa amesimama njiani. Kanga ilikuwa imeshuka usoni.

"Akiingia ndani, mkishaagana," alisema kwa sauti ya chini, "yule mume wangu hukaa kitandani na ule uso wake wa kucheka, halafu unamtoka polepole, mpaka ugali unapoa. Mimi nawasikia ninyi wawili kila siku. Nakuuliza hili moja tu, shemeji. Wewe unapocheka naye hivi, unacheka kweli?"

Kasiani aliliweka kapu chini.

"Hapana, shemeji," alisema. "Sicheki."