Heshima Yangu kwa Bendera

Ninyi mnaodhani mwandishi huona kuliko watu wengine, sikilizeni yaliyonikuta.

Jioni moja nilikuwa kwenye uwanja wa ofisi za wilaya, hapa Bagamoyo, nikimsubiri afisa utamaduni atoke kikaoni aniruhusu kuzindulia riwaya yangu katika ukumbi wao. Nilirandaranda nikiudharau mji huu wa makarani unaoishi kwa mihuri na soda za vikao. Ghafla filimbi ikalia. Bendera inashushwa, nikajiambia, na hapo kila mtu husimama. Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikafumba macho ili uzalendo uniingie vizuri.

Filimbi ikazidi. Nikasikia watu wakipita.

"Simameni!" nikafoka, macho nimeyafumba vilevile. "Watu gani nyie msioheshimu bendera ya taifa?"

"Bendera gani, mwanangu?" akajibu mama mmoja. "Mbona bado iko juu? Mlinzi anakupigia wewe, toka kwenye zege!"

Nikafumbua macho. Nilikuwa katikati ya njia mpya, iliyomwagwa zege muda mfupi tu kabla, viatu vimezama hadi kwenye kamba. Nikavuta mguu, ukatoka mtupu, kiatu kikabaki. Makarani niliokuwa nikiwadharau walijaa madirishani, wanacheka hadi machozi.

Afisa utamaduni alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe ndiye mwandishi anayetaka ukumbi?"

"Shikamoo, mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Ukumbi wetu nao una sakafu ya zege, kijana. Kitabu chako kakizindulie ufukweni."