Mshiko wa Kushoto

Tangu mguu wake uunge, Eulogio hakuwa ameigusa Harley yake kuukuu. Pikipiki ile aliifufua mwenyewe hapo mjini Matanzas, kwa pistoni ya gari la Kirusi na mnyororo wa kiwanda cha soda, na ndiyo hiyo hiyo iliyomvunja mguu. Kabla ya kupiga kiki, sharti uuzungushe mshiko wa kushoto ili moto wa plagi uchelewe. Ukisahau, kiki inakurudia kwa teke la punda.

"We mzee, unaipiga au unaiombea dua?" mkewe Eneida alimcheka.

"Nyamaza, bibi we! Nakumbuka tulivyokuwa tunakimbia ufukweni Varadero, umening'ang'ania kiunoni kama kupe."

"Kupe ni wewe!"

Eulogio akacheka, lakini jasho lilikuwa likimtiririka. Akainua mguu. Papo hapo Eneida akaruka, akauzungusha mshiko wa kushoto.

"Umesahau tena!"

"Sijasahau! Ndiyo nilikuwa naelekea huko."

Kiki moja tu, injini ikanguruma. Eneida akapanda nyuma, akamkumbatia kiunoni. "Haya, twende Varadero!"

Eulogio hakuondoka. Mguu ulikuwa salama, lakini moyo ulimdunda kuliko siku ile alipovunjika. Akautazama mtaa alikozaliwa, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Varadero ni upande gani?

Akaogopa kumuuliza.