Vitabu Mia Mbili na Kumi na Kimoja

Wanafunzi walimpa jina la Mama Kadi, na hata sisi walimu tuliliona linamfaa kuliko lile lililokuwa kwenye barua yake ya ajira. Kila kitabu katika maktaba ya shule yetu ya sekondari kilikuwa na kadi yake, na kila kadi aliiandika yeye kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini asubuhi. Kitabu kikiazimwa, kadi hutolewa kwenye kijifuko cha jalada la nyuma, huandikwa jina la mwanafunzi na tarehe ya kurudisha, kisha huingia kwenye sanduku la mbao pale mezani. Ukimuuliza kitabu kiko wapi, hata sanduku halifungui.

"Kile cha kemia chenye jalada lililochanika? Kiko kwa yule mrefu wa kidato cha nne, anayekaa dirishani. Anarudisha Jumatano, na akichelewa nitamfuata hukohuko darasani."

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Nilipofika pale kufundisha historia, nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, nilidhani mkutubi ni mtu wa kukaa kitini na kunyamazisha watu. Wiki ya kwanza nilimkuta amepiga magoti sakafuni, sindano ya kushonea viatu mdomoni, anashona mgongo wa atlasi iliyoachana na jalada lake. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa, akanionyesha gundi kwa kidole. Nikamshikia. Kengele ya mapumziko ilipolia, watoto hamsini waliingia kwa mpigo, na katika dakika ishirini nilimwona akipokea, akigonga muhuri, akimweleza mmoja tofauti ya faharasa na yaliyomo, akimnyang'anya mwingine andazi, na akimshawishi wa tatu aache kile kitabu chembamba achukue kinene. "Chembamba utakimaliza leo, kesho utakuwa huna kitu," alimwambia. Mtoto akacheka, akachukua kinene.

Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nyingine alibandikwa tu. Mipira ya michezo ilikuwa kwake, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa kwake, na kikao cha wazazi kikikosa ukumbi, wanaosoma walitolewa nje ili wazazi wakae. Nilipolalamika, alinitazama kama unavyomtazama mtu anayelalamikia jua. "Mwanangu, ukikasirikia yote utazeeka kabla ya likizo."

Mimi nilikasirikia yote.

Tatizo kubwa lilikuwa saa. Wanafunzi walitoka darasani saa tisa na nusu, maktaba ikafungwa saa kumi. Shule ilikuwa na kitabu kimoja cha kiada kwa watoto saba. Ukitaka mtoto asome, lazima kitabu kiende naye nyumbani. Kwa hiyo Mama Kadi aliazimisha, na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulipokaribia aliazimisha mpaka rafu zikabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Wiki tatu kabla ya mtihani, sandukuni mlikuwa na kadi mia mbili na kumi na mbili.

Ndipo ikaja barua kwamba wakaguzi watafika Jumanne.

Mwalimu Mkuu alituita ofisini sote wawili, kwa kuwa mimi nilikuwa mlezi wa kidato cha nne. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningempinga kwa moyo mweupe. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mezani mbele yake palikuwa na fomu ya ukaguzi.

"Mama, Jumatatu nataka rafu zijae."

"Zijae nini, Mkuu?"

"Vitabu! Kwani rafu hujazwa nini, viazi?"

"Vitabu viko kwa watoto. Wana mtihani."

"Wavirudishe siku mbili tu. Wakaguzi wakiondoka unawapa tena."

"Mwaka juzi pia ulisema siku mbili," Mama Kadi alisema, bila kupandisha sauti. "Nikavikusanya. Wakaguzi wakaahirisha, ukaniambia nisubiri, vikakaa kabatini wiki sita. Na matokeo unayakumbuka, Mkuu. Tuliyabandika ukutani na hakuna mzazi aliyetaka kuyasoma mara mbili."

Mkuu aliisukuma ile fomu mbele yetu. Kwenye ukurasa wa maktaba palikuwa na safu tatu: vitabu vilivyomo daftarini, vitabu vilivyopo rafuni, upungufu. Basi. Niliigeuza nyuma, nikaigeuza mbele. Hapakuwa na mahali popote pa kuandika kwamba kitabu kimeazimwa.

"Kwa hiyo mkutubi anayefungia vitabu kabatini mwaka mzima anapata alama zote," nilisema, "na anayevisomesha anaandikwa mpotezaji?"

"Kijana, fomu sikuitunga mimi."

"Lakini unaitii wewe!"

"Mwalimu," Mama Kadi aliniita, na nikafunga mdomo. Akamgeukia Mkuu. "Sivikusanyi. Kama ni kosa, liwe langu, niandikie mimi."

Jioni hiyo nilimsindikiza hadi kwake. Mumewe ni seremala, na tulimkuta uani akipiga randa mlango wa mtu. Alipoelezwa, alikaa juu ya mbao akashika tama.

"Watakutoa pale," alisema.

"Huenda."

"Miaka yote hii nimevumilia kuolewa kwangu na kadi—"

"Umeoa, hukuolewa."

"Nimeoa mwanamke aliyeolewa na kadi. Leo zimekuletea kesi." Akanitazama. "Na wewe Mwalimu, badala ya kumshika mkono unampulizia moto."

"Nilimpulizia mimi? Yeye ndiye aliyekataa!"

"Amekataa kwa sababu anajua kuna mtu wa kupiga kelele kwa niaba yake." Alicheka, lakini macho hayakucheka. Kisha akamuuliza mkewe taratibu, "Huwezi kuvikusanya kweli?"

"Kuna binti mmoja kwao hakuna kitabu hata cha sala," alisema Mama Kadi. "Anasoma biolojia akiwa anamlinda mdogo wake. Nikamwambie nini? Lete, wageni wanakuja kukitazama?"

Seremala akarudi kwenye mlango wake.

Jumanne, mkaguzi aliyepangiwa maktaba aliingia saa tano. Mwanaume mpole, mwenye haraka, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alihesabu rafu kwa kugusa kila kitabu kwa kitako cha kalamu. Mkuu alimfuata hatua kwa hatua, anatokwa na jasho. Mimi nilisimama mlangoni.

"Mama, hapa pana upungufu wa mia mbili na kumi na viwili."

Mama Kadi alimwekea sanduku mbele. "Viko hapa, mheshimiwa. Kila kimoja, nani anacho na lini atakirudisha."

"Hizi ni kadi. Mimi nimekuja kuhesabu vitabu."

"Kadi ni kitabu kikiwa kazini."

Mkaguzi alitabasamu. Moyo wangu ulipanda, kwa kuwa niliona ameelewa. Mama Kadi naye aliona, akapiga moyo konde. "Chomoa kadi yoyote. Nitamwita mwenye kitabu, na kitakufikia kabla hujakaa."

Akachomoa. Ilikuwa ya yule binti wa biolojia. Nilikimbia darasani mwenyewe, na dakika chache baadaye binti aliingia akihema, kitabu kifuani. Vipande vya karatasi vilichomoza kila upande, kila kimoja kimeandikwa swali kwa penseli ili asichafue kurasa. Mkaguzi alikipokea, akakifungua hapa na pale, akasoma maswali mawili kimyakimya.

"Vizuri sana," alisema. "Vizuri mno. Unataka kuwa nani?"

"Daktari."

"Hongera, Mama. Hii ndiyo maktaba."

Kisha akakiweka kitabu rafuni, akafuta namba kwenye fomu, na akaandika upungufu mia mbili na kumi na moja.

Nilidhani sijaona vizuri. Nikasogea. Ndivyo ilivyokuwa.

"Naomba nirudi nacho?" binti aliuliza.

"Hapana, binti yangu. Kimeshahesabiwa."

Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya mwanafunzi, na Mkuu akanitoa nje kwa mkono. Kupitia dirishani nilimwona Mama Kadi bado amesimama, kiganja juu ya sanduku, kama mtu aliyejibu swali sawasawa halafu akaambiwa amekosea. Gari la wakaguzi lilipotoka getini, alikichukua kitabu rafuni na kumrudishia binti. Alimrudishia na vile vikaratasi vilivyodondoka.

Wiki iliyofuata barua ilikuja: uzembe katika kutunza mali ya shule. Alihamishiwa stoo, chumba chenye chaki, ndoo, mifagio na dirisha la nondo, akaenda na sanduku lake la kadi na muhuri. Ufunguo wa maktaba alipewa mwalimu wa michezo, mtu mwema, ambaye kwa wema wake alinunua kufuli jipya ili kisipotee kitabu kingine. Nilikwenda kwa Mkuu mara tatu. Mara ya kwanza alinisikiliza, ya pili alinionya, ya tatu katibu wake aliniambia hayupo, nami nilikuwa naona viatu vyake chini ya pazia.

Mtihani ulifanyika. Watoto walifanya wakiwa na vitabu vyao mpaka asubuhi ya karatasi ya mwisho. Kisha, bila kutangaziwa na mtu, walianza kuvileta. Walipokuta maktaba imefungwa, walimtafuta Mama Kadi, wakampitishia vitabu kati ya nondo za dirisha la stoo, kimoja kimoja. Alitafuta kadi, akagonga muhuri, akasema asante. Kwa siku nne alipokea mia mbili na kumi. Viwili havikurudi, na aliniambia ni vipi na kwa nani. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, hajawahi kupata hasara ndogo hivyo.

Tulivipakia kwenye toroli, tukaenda ofisini. Mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga.

Mkuu alivitazama kwa muda. Nadhani alifurahi, kwa sekunde moja hivi. "Mama, siwezi kuvirudisha rafuni."

"Kwa nini?"

"Taarifa imeshapelekwa. Imepigwa muhuri. Vimeandikwa vimepotea. Wakija mwakani wakikuta vimezidi, wataniuliza vimetoka wapi. Itakuwa kesi nyingine, mbaya kuliko ile."

"Si uandike vimerudi!" nilipaza sauti.

"Niandike wapi?" Naye alipaza sauti. "Nionyeshe hiyo safu, Mwalimu! Nionyeshe!"

Mama Kadi ndiye aliyeuliza aviweke wapi basi, na Mkuu akajibu huko huko stoo, kwenye maboksi, nyuma ya ndoo.

Nikiwasimulia watu kisa hiki hucheka. Mimi sijaweza kucheka bado. Shule ya watoto mia sita ina maktaba yenye kufuli isiyoingiwa na mtu, na ina vitabu mia mbili na kumi kwenye maboksi ambavyo kwa karatasi havipo duniani.

Kidato cha tatu walijua wote vilipo ndani ya siku mbili. Wiki hiyohiyo nilipita stoo kuchukua chaki nikakuta foleni dirishani. Mama Kadi alikuwa anafungua boksi. Mkuu, naye akifuata chaki, alitokea nyuma yangu.

"Hao wanataka nini?"

"Vitabu, Mkuu," Mama Kadi alijibu.

"Vitabu gani?"

"Vilivyopotea."

Mkuu alisimama pale. Alitazama foleni, akanitazama mimi, akatazama uwanja mtupu kama kwamba wakaguzi wangeweza kuwa wamejificha nyuma ya tangi la maji. "Sijaona kitu," alisema hatimaye. "Lakini usiandike, Mama. Usiandike popote. Karatasi moja ikionekana, tumekwisha sote wawili." Akaondoka, chaki ameisahau.

Nilidhani Mama Kadi atafurahi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu mkononi.

"Sitaandika?" aliniuliza. "Nitajuaje kiko kwa nani? Nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa, Mwalimu, na leo naambiwa niifanye kama mwizi."

Nilikuwa na hasira nyingi.

Msichana wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameshapitisha mkono kati ya nondo. "Mama, nisaini wapi?"

Mama Kadi aliweka kalamu chini. "Usisaini. Niambie jina lako, la baba yako, na unakaa wapi." Akafumba macho. "Polepole, mwanangu. Nataka nilishike."