Diski ya Upande wa Kuume

Kompyuta kumi na nne za chuo kimoja cha Nguba hazina diski hata moja. Kila asubuhi zinaamka tupu, zinaomba kwa waya, na seva iliyofungiwa katika kilichokuwa chumba cha mafagio inazipa kila kitu: mfumo wa Unix, majina ya watu, kazi za jana. Mlinzi wa seva ni Papa Constantin, mtu wa Nyangezi. Zamani walikuwa wawili. Akili, mwenzake kazini kwa miaka kumi na mmoja, alikufa mwaka jana kwa figo.

Seva ina diski mbili zenye maandishi yale yale, ili moja ikifa nyingine ibaki. Jumatano moja Constantin alisikia mlio ndani. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kama mtu anayebisha mlango bila kutaja jina.

Siku hiyohiyo akaja Salima, mjane wa Akili.

"Papa Constantin, mutoto wetu Asumini anaolewa samedi, siku tatu tu zimebaki. Baba yake alisemaka alimuwekea dua mu machine, kwa sauti yake. Iko?"

"Iko, maman. Sijafuta hata kitu yake moja."

"Basi unitolee. Simu yake waliiba siku ya matanga. Sina sauti yake ingine."

Constantin alijaribu kufungua faili. Seva ikaganda, ikisubiri diski inayogonga.

"Ngoja kwanza nitoe diski mugonjwa."

"Akili alisemaka unahurumia mashine kuliko bibi yako uliyemuoa."

"Bibi yangu haharibikake kila juma."

Salima akacheka kidogo. Skrini ilisema diski ya kwanza ndiyo mbovu. Zilikaa bega kwa bega, namba zake zimefutika kwa vumbi. Constantin akahesabu kama anavyosoma, kutoka kushoto, akachomoa.

Darasani wanafunzi wakapiga kelele: "Papa Consta, tumekufa!"

Na ndani ya seva: ko, ko. Alikuwa amechomoa nzima.

Aliirudisha haraka. Skrini ikauliza: ninakili iliyobaki juu ya hii iliyorudi? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya ndiyo. Hivyo ndivyo hujibiwa siku zote. Lakini iliyobaki ilikuwa ile mbovu: ingeandikwa juu ya nzima, dua ipotee. Alimwona Akili amechuchumaa palepale, bisibisi mdomoni, siku walipofunga diski hizo. "Miye naanza na kuume, papa. Kula, kuingia mu nyumba, hata diski." Walicheka. Hakuna aliyeandika.

Akajibu hapana. Akachomoa ya kuume, akaiwasha seva upya kwa ile ya kushoto. Akafungua faili.

Kikohozi. Kisha: "Bismillahi. Asumini, mwanangu..."

"Zima!" Salima alifunika uso. "Ni ya Asumini. Asikie yeye wa kwanza."

Constantin alimnakilia kwenye flashi, naye akaifunga katika pindo la kitenge. Mlangoni akageuka.

"Sasa utamufuta Akili mu machine?"

"Bado, maman."

Kesho yake kompyuta kumi na nne ziliamka na kuomba majina, na la Akili likaja la kwanza, kwa kuwa linaanza na A. Diski iliyokufa ilikuwa mezani, haina waya. Constantin alikaa akiipa mgongo. Mara mbili aligeuka, akidhani imegonga.