Niliandika kwa README kwamba folda ya "panya" haitumiki, Ekisa akaitwa mwizi

Wakuu, poleni na shughuli. Nawaandikia kutoka Busia, upande wetu wa Kenya, na nitaeleza vile ilitokea, hata pale inaponichoma mwenyewe.

Mimi ni mzee wa Form Four. Kompyuta nilijifunzia Malaba, mji mwingine wa mpakani, nikiwa karani kwa ofisi ya clearing, ile ya kutoa mizigo forodhani. Nimestaafu, mgongo umekwisha, lakini nikikaa bure naona vibaya.

Mpwa wangu Nekesa ni programmer. Anasimamia project ndogo ya open source, yaani code yake iko wazi, yeyote anaweza kuisoma na kuchangia. Ni program ya simu ambayo akina mama wa soko wanatumia kujua mzigo wa nani umebebwa na nani kuvuka mpaka.

Kwa wasiojua Busia, mizigo mingi hapa huvushwa na watu wenye ulemavu wa miguu, kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wana nguvu za mikono ambazo mimi sijawahi kuwa nazo.

Aliyeianzisha project alienda zake Nairobi na simu hashiki. Nekesa akabaki na folda tele bila maelezo. Kila mtu anayetaka kusaidia anaingia, anachanganyikiwa, anatoka.

Akaniambia, "Uncle, wewe ulipanga mafaili ya ofisi nzima. Niandikie README, yale maelezo ya mwanzo ya program, kila folda na kazi yake, kwa Kiswahili rahisi."

Nilianza vizuri. Folda ya "mizigo" nikafungua, nikasoma, nikaandika. "Watu", vivyo hivyo. "Ripoti" ilinitoa jasho. Nilipoimaliza macho yalikuwa yanawasha.

Halafu nikafika kwa "panya".

Wakuu, mtu wa mpakani akisikia njia ya panya hafikirii mnyama. Ni ile njia ya kukwepa forodha. Niliona aibu. Nikawaza, wageni wakisoma watasemaje? Kwamba watu wa Busia hata ndani ya code tunapitisha magendo?

Sikuifungua. Niliandika mstari mmoja: "panya: ya zamani, haitumiki." Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai.

Mchangiaji mmoja wa mbali, ambaye hatujawahi kuonana, akasoma README akatushukuru sana. Akapendekeza tuondoe folda isiyotumika. Nekesa akasoma maelezo yangu, akajaribu program bila hiyo folda akiwa nyumbani, ikafanya kazi. Akakubali.

Lakini nyumbani si mpakani. Ukiwa karibu na gate ya mpaka, simu inaruka. Sasa hivi iko kwa network ya Kenya, ukigeuka iko ya Uganda, data inakatika. Jamaa aliyeandika program alilijua hilo. "Panya" ndiyo ilikuwa code ya kushika rekodi pembeni mpaka network irudi. Aliiita hivyo kwa utani tu, kwa sababu inazunguka server, ile kompyuta kuu inayopokea rekodi.

Basi Ekisa, mmoja wa wale wenye baiskeli, akabeba gunia la simsim la Mama Nafula wa sokoni kutoka upande wa Uganda. Akalishusha store karibu na gate, akabonyeza simu kuonyesha amefikisha, rekodi haikufika popote. Mama Nafula kuja store, gunia halionekani.

"Ekisa, simsim yangu imeota miguu?"

"Kama imeota, mama, niombee jozi moja na mimi."

Watu wakacheka. Siku nyingine maneno yangeishia hapo. Siku hiyo Mama Nafula akainua simu juu. "Hapa haisemi ulileta. Haisemi hata ulibeba. Wewe ni mwizi!"

Wengine wakaitikia. Kuanzia hapo hakuna aliyempa mzigo. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, maana hata mimi niliiamini simu.

Siku chache baadaye gunia likapatikana store ileile, limefunikwa na mahindi ya mtu mwingine. Nekesa akaanza kutafuta rekodi ilipotelea wapi, akafika kwa ile folda iliyofutwa. Akanipigia simu.

"Uncle, uliifungua kabla ya kuandika?"

"Sikuifungua."

"Hata mimi sikuifungua. Nilikuamini."

Open source ukifuta kitu, history ya kila badiliko inabaki, kwa hivyo folda ilirudi siku hiyohiyo. README nikairekebisha.

Ekisa hakuwa mwepesi hivyo. Nilisimama sokoni nikasema kosa ni langu. Kueleza folda kwa watu wanaopima simsim si mchezo, lakini walielewa. Mama Nafula akalia. Tukaenda naye mpaka kwa Ekisa, pale wenye baiskeli wanapongojea kazi.

Alitusikiliza mpaka mwisho. "Mama, nimesikia. Mzee, nimesikia. Lakini kuniita mwizi mlikuwa soko zima, na kuomba msamaha mmekuja wawili."

Akageuza baiskeli. Siku hizi anabeba mizigo Malaba, kwa watu wasiomjua.

Nilichojifunza: ukiandika maelezo ya source tree, yaani folda zote za program, fungua kila moja, hasa ile jina lake limekuudhi. Kama hujui kazi yake, andika "sijui". Mtu asiyekujua ataamini mstari wako na kuufanyia kazi.

Mnaoandika documentation, nipeni mawazo. Lakini zaidi naomba ushauri kuhusu Ekisa. Akina mama kadhaa wanasema wako tayari kupanda gari na mimi mpaka Malaba wakamwombe msamaha mbele ya wenzake. Nyinyi mngeenda, au mngemwacha apumzike?