Waya wa Emérence na makaa ya Fabiola

Saa moja asubuhi, Emérence, mhudumu wa hospitali, anabandika kikombe cha plastiki kwenye titi la Maman Adélaïde, muuza samaki. Ndani ya kikombe umejitokeza waya mwembamba kama unywele, ambao ncha yake ya pili imefika kwenye uvimbe. Uvimbe huo haushikiki kwa vidole. Bila alama, daktari atabahatisha.

Kisha anamshika mkono na kumsindikiza taratibu hadi chumba cha upasuaji, asije akagongwa na mtu waya ukasogea. Katika hospitali hii ya Bukavu, wagonjwa humwita Maman Fil, yaani Mama Waya kwa Kifaransa, kwa sababu ya waya huo.

Anaupenda mwendo huo kuliko kazi yenyewe ya kuingiza waya kwa sindano. Na sasa anaona ananyang'anywa.

Anayemnyang'anya ni Fabiola, ambaye Emérence mwenyewe alimfundisha kazi. Mwaka jana Fabiola alipelekwa mafunzoni, akarudi na makaa: unga uliosafishwa na kuchanganywa na maji ya sindano, unaochora mstari mweusi kutoka kwenye uvimbe hadi kwenye ngozi. Waya huwekwa asubuhi ya upasuaji. Makaa hukaa wiki kadhaa, mgonjwa akiwa kwake analima.

"Miye niko na wivu, sitaficha," anasema Emérence, bila kucheka. "Ule mutoto nilimufundisha miye. Sasa bamama banafika, banauliza, Fabiola iko wapi?"

Anakiri aliwahi kusali makaa yapotee mwilini. Aliwaambia wenzake kwamba Fabiola anachafua watu, na ni kweli wengine hubaki na doa jeusi. Lakini daktari mpasuaji, Hugues, amelinganisha njia zote mbili, na anasema katika kupata uvimbe hajaona tofauti. Tofauti ni safari ya mgonjwa.

Maneno hayo yalimwingia Emérence siku alipokuja Clémence, mkulima wa kisiwa cha Idjwi. Ziwa lilichafuka, boti ikachelewa, akafika mchana. Emérence alikuwa amemngoja na kikombe chake tangu asubuhi, na nafasi yake ya upasuaji ilikuwa imeshapewa mwingine.

Fabiola akamchora makaa palepale, Clémence akarudi kisiwani. Siku ya upasuaji alichelewa tena, lakini kwa kuwa alama ilikuwa tayari, aliingizwa moja kwa moja, na uvimbe ukatoka wote. Alipoamka alimshukuru Fabiola kwa jina. Emérence alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilifurahi kwa ajili ya Clémence," anasema. "Na iliniuma vilevile."

Kuanzia Januari, waya utabaki kwa wanaoishi mjini tu. Wagonjwa wengi hutoka mbali, Katana, Kamituga, visiwani, kwa hiyo Emérence anajua atakuwa anakaa bure.

Ndiyo maana Jumatatu atamwomba Fabiola amfundishe. Hajalala vizuri kwa kulifikiria ombi hilo.

"Nitakaa kama mwanafunzi wake. Nikishajua, nitamupita."

Mgonjwa wa makaa hana kikombe cha kulindwa, anaweza kutembea peke yake hadi chumba cha upasuaji. Emérence anatikisa kichwa.

"Hapana. Nitabashika mukono vilevile. Ile, Fabiola hakuisoma kule mafunzoni."